Si Mtu, Bwana, Ni Mimi: Kicheko Kichungu cha Hadithi Fupi za Meksiko

Mwaka 1950 mshairi wa Meksiko Octavio Paz alitoa kitabu kuhusu tabia za watu wa nchi yake. Kina nadharia nyingi, na baadhi zimezeeka vibaya, lakini kuna kisa kimoja cha mistari michache ambacho hakijazeeka. Alasiri moja alisikia kitu kikichakarika chumba cha pili, akauliza kwa sauti nani yuko huko. Akajibiwa na mtumishi wa kike aliyekuwa ametoka kijijini siku si nyingi: si mtu, bwana, ni mimi.

Kwa Kiswahili jibu hilo linauma kuliko lilivyokusudiwa, maana kwetu ukimwambia mwenzio "wewe si mtu" umemaliza matusi yote. Huyu amejisemea mwenyewe, kwa heshima zote, wala hajagundua kwamba nusu ya pili ya jibu lake inaikanusha nusu ya kwanza. Paz alikitumia kisa hicho kueleza neno la watu wa Meksiko, ninguneo. Linatoka kwenye ninguno, yaani "hakuna hata mmoja", nalo ni kitendo cha kumfanya aliyepo awe hayupo. Hapigwi wala hafukuzwi. Macho yanampita tu, kama yanavyoupita ukuta.

Nimeanza na huyu mtumishi kwa sababu ndiye ufunguo mwepesi kuliko wote wa hadithi ambazo wengi wetu huzifungua na kuzifunga tukiwa tumechanganyikiwa. Unasoma hadithi fupi ya Meksiko ya karne iliyopita. Maskini anateswa, mwandishi halii, halaani, na kuna mahali unajikuta umecheka. Halafu unaona aibu. Umemcheka nani hasa? Na huyu mwandishi mwenyewe yuko upande gani?

Kinaya si kejeli

Aliyesoma fasihi sekondari analikumbuka swali la mtihani, "Jadili matumizi ya kinaya", na anakumbuka jinsi tulivyokuwa tukilijibu kwa kuorodhesha kejeli. Ni vitu viwili. Kejeli ina mdomo: kuna anayesema na anayesemwa, kama kanga iliyovaliwa makusudi ili jirani aisome. Kinaya hakihitaji msemaji. Mambo yenyewe yanageuka kinyume cha yalivyotarajiwa, msomaji anaona, mhusika haoni, au anaona akiwa amekwisha kuchelewa.

Hadithi ninazozungumzia zina kejeli kidogo na kinaya kingi, na kinaya chenyewe kina umbo linalojirudia. Mtu wa pembeni haangushwi na kunyimwa. Kunyimwa amekuzoea na mbinu zake anazo. Anaangushwa siku anapopewa. Anapewa ardhi, sarafu, nafasi ya masomo, hata kazi ya sanaa. Jamii iliyokuwa haimwoni sasa inamwona, na huko kuonekana ndiko kunakommaliza. Ukilishika umbo hili, zile hadithi zilizokuwa kama fumbo zinaanza kufunguka moja baada ya nyingine.

Majina yaliyoning'inia hewani

Mzaha wa Meksiko juu ya nani ni nani haukuanza na waandishi. Katika karne ya kumi na nane, nchi ikiwa bado koloni la Hispania, wachoraji walikuwa wakitengeneza mfululizo wa picha za familia, mara nyingi picha kumi na sita: baba wa rangi hii, mama wa rangi ile, mtoto katikati, na chini yao jina la "aina" ya mtoto huyo. Mhispania na mwenyeji wa asili wanazaa mestizo. Mpaka hapo unafuata. Kadiri damu zinavyochanganyika ndivyo majina yanavyopoteza akili: mtoto mmoja anaitwa salta atrás, "ruka nyuma", mwingine tente en el aire, "kaa hewani", mwingine, na hili silibuni, no te entiendo, "sikuelewi". Wanahistoria wanasema mengi ya majina hayo yalikaa zaidi kwenye picha kuliko midomoni mwa watu. Lakini fikiria fundi aliyeketi na brashi yake, akafika kwa mtoto asiyemjulia kundi, akaandika kwa herufi nzuri: sikuelewi.

Waafrika wamo ndani ya picha hizo, tele, kwa sababu watumwa kutoka Afrika walipelekwa Meksiko tangu mwanzo wa ukoloni. Ila ilipofika karne ya ishirini walikuwa wamesahaulika kiasi kwamba sensa kamili ya kwanza kuwauliza watu kama wanajitambua kuwa Wameksiko wenye asili ya Afrika ilikuwa ya mwaka 2020. Zaidi ya milioni mbili na nusu walisema ndiyo. Hao nao walikuwa chumba cha pili, wakichakarika.

Baadaye akaja José Guadalupe Posada, mchoraji wa vikaratasi vya bei rahisi vilivyouzwa mitaani. Lile fuvu lenye kofia pana ya manyoya na maua, ambalo leo limechapwa kwenye fulana za watalii duniani kote, ni lake. Wengi wanadhani ni picha ya kifo. Jina lake la kwanza lilikuwa fuvu la garbancera, yaani muuza dengu, na garbancera lilikuwa neno la kuwacheka watu wenye damu ya wenyeji waliojivika Uzungu na kukana walikotoka. Kofia ni ya Paris, chini yake mfupa. Posada mwenyewe alikufa fukara mwaka 1913, na mabaki yake yakaishia kwenye kaburi la pamoja. Ninguno kamili.

Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 yaliahidi kufuta haya yote. Wanaitikadi wakatangaza kwamba sasa kila mtu ni mestizo, taifa moja, damu moja, na mwaka 1925 José Vasconcelos akaandika juu ya "mbari ya ulimwengu" itakayozaliwa Amerika ya Kilatini. Chama kilichojiita mrithi wa mapinduzi kikatawala, kikibadili jina mara mbili njiani, kuanzia mwaka 1929 hadi 2000. Ukipewa utambulisho mmoja na serikali, tena utambulisho wa kusifiwa, unamlalamikia nani ukiona haukukai? Hapo ndipo hadithi fupi ilipopata kazi yake.

Wametupa ardhi

Juan Rulfo alizaliwa Jalisco mwaka 1917, akauza matairi akizunguka nchi nzima, akachapisha vitabu viwili vyembamba, mkusanyiko wa hadithi mwaka 1953 na riwaya mwaka 1955, kisha akanyamaza karibu maisha yake yote. Moja ya hadithi zake inaitwa Nos han dado la tierra. Itafsiri kwa Kiswahili uone ajabu: "Wametupa ardhi". Wame-tu-pa, au wametupa? Kihispania hakina utata huo, lakini hadithi nzima imekaa hapo hapo, kati ya kupewa na kutupiwa.

Wanaume wanne wanatembea kwenye mbuga kavu tangu alfajiri. Walianza wakiwa zaidi ya ishirini, wengine wakapunguka njiani. Zamani walikuwa na farasi na bunduki, vyote wamenyang'anywa. Badala yake wamepewa ardhi, na ardhi yenyewe ni hii wanayoikanyaga, ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, isiyo na mti wala maji. Tone moja la mvua linadondoka, moja tu, linatoboa vumbi, na wanasimama kulitazama. Walipokabidhiwa hati walijaribu kumweleza afisa kwamba jembe halitaingia hapo. Afisa akawaambia malalamiko yapelekwe kwa maandishi, na kwamba wanapaswa kushambulia mabwana wa mashamba makubwa, siyo serikali inayowapa ardhi.

Afisa hadanganyi. Serikali kweli imewapa. Kwenye daftari la makao makuu wanne hawa wamehesabiwa kuwa wamefaidika, na kuanzia leo hawawezi tena kusema hawana ardhi. Kabla ya hapo walikuwa maskini wenye madai. Sasa ni maskini waliokwisha kulipwa. Na Rulfo, ambaye angeweza kutupigia hotuba, anatuonyesha kuku. Mmoja wao, Esteban, amemficha kuku ndani ya koti mwendo wote huo. Wanamuuliza kama anapanga kumla. Hapana, anasema, amemchukua tu kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumlisha. Kwenye jangwa walilotupiwa na taifa, mtu mmoja anahangaikia chakula cha kuku wake, akimpulizia pumzi ya mdomo wake. Hapo ndipo unapocheka, na kicheko chenyewe hakimwendei Esteban.

Ana hadithi nyingine, aliyoiongeza baadaye kwenye mkusanyiko huo, ya gavana anayetembelea mji uliobomolewa na tetemeko la ardhi. Waathirika wanamkaribisha kwa karamu, wanalewa, wanapigana, wanaingia hasara, na gavana anatoa hotuba ambayo mmoja wao ameihifadhi yote kichwani kama sura ya kitabu kitakatifu. Sitaieleza zaidi. Yeyote aliyewahi kuchangishwa kumpokea mheshimiwa ataimaliza mwenyewe.

Mungu aliyepakwa nyanya

Carlos Fuentes alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi alipochapisha, mwaka 1954, hadithi ya Chac Mool. Karani wa serikali aitwaye Filiberto anapenda kukusanya vitu vya kale vya wenyeji. Soko la Lagunilla mjini Mexico City ananunua sanamu ya jiwe ya mungu wa mvua. Muuzaji ameipaka sanamu tumboni mchuzi wa nyanya, ili watalii waamini ni damu ya kafara.

Filiberto anaiweka chini ya nyumba. Mabomba yanapasuka, maji yanajaa, jiwe linaanza kulainika, linaota vinyweleo, linaamka. Punde mwenye nyumba amekuwa mtumishi wa alichokinunua, akibeba ndoo za maji. Anatoroka kwenda Acapulco na kufa maji. Rafiki yake anapoirudisha maiti nyumbani, mlango unafunguliwa na indio, yaani mwenyeji wa asili, aliyevaa joho la nyumbani na skafu, ananukia manukato ya bei poa, uso una poda, mdomo umepakwa rangi ovyo, nywele zimetiwa dawa. Anajua kila kitu, anasema. Pelekeni maiti chini.

Mungu wa kale kashinda, basi? Mtazame tena. Ameshinda, na zawadi ya ushindi ni kuwa mzee mlimbwende mwenye losheni rahisi. Fuvu la Posada limerudi, kofia na yote. Miaka kumi baadaye, Aprili 1964, serikali yenyewe ikatenda kitu ambacho mwandishi angekibuni angeambiwa amezidisha. Ilipakia kwenye gari kubwa jiwe la mungu wa mvua lenye uzito wa zaidi ya tani mia moja na sitini, ikaling'oa kijijini Coatlinchan wanakijiji wakipinga na jeshi likiwatuliza, ili likasimame nje ya jumba jipya la makumbusho ya anthropolojia mjini Mexico City. Siku lilipoingia mjini, nje kabisa ya msimu, mvua kubwa ilinyesha. Jiwe la wenyeji lilipewa makaribisho ya heshima. Wenyeji wenyewe walibaki Coatlinchan, bila jiwe.

Kuinama mbele ya daktari

Jorge Ibargüengoitia anafanya jambo ambalo wenzake hawalifanyi mara kwa mara: mtu wa kudhalilishwa ni yeye mwenyewe, au msimulizi anayefanana naye sana. Mkusanyiko wake wa mwaka 1967 unaitwa La ley de Herodes, "sheria ya Herode", na jina hilo ni nusu ya msemo mchafu wa Meksiko ambao kwa lugha ya kuandikika maana yake ni: ukikubali umeumia, ukikataa umeumia.

Katika hadithi inayobeba jina hilo, kijana msomi amefundishwa siasa za mrengo wa kushoto na rafiki yake wa kike. Wote wawili, na siasa zao hizo, wanaomba ufadhili wa masomo Marekani. Kinachofuata ni vipimo vya afya. Kijana anahangaika na sampuli za choo ndani ya kikopo, anatembea nazo mjini, mwisho anajikuta ameinama mbele ya daktari kwa uchunguzi ambao kila mwanamume anaufahamu na hakuna anayeuzungumza. Mwenzake anapopata habari anaitangaza kwa marafiki kwa maneno ya kisiasa: ameusujudia ubeberu. Na ukweli usiopingika ni kwamba aliinama kweli.

Watu huicheka hadithi hii na kuiweka kando kama kichekesho. Mimi naiona ni pacha wa ile ya Rulfo. Wakulima wanapewa hati, kijana anapewa ufadhili, na kote fomu ndiyo inayoamua wewe ni nani. Tofauti ni kwamba kijana ana lugha ya kujitetea, na lugha hiyo hiyo ndiyo inayotumika kumvua nguo.

Mapenzi ya mitumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Enrique Serna, aliyezaliwa 1959, alitoa mkusanyiko Amores de segunda mano. Kiswahili kinautafsiri bila jasho: Mapenzi ya Mitumba. Mbuga na majoho yamekwisha, tumeingia mjini kwenye vilabu, runinga na majumba ya sanaa, ila umbo la zamani limebaki. Kuna hadithi ya mtu ambaye utotoni Picasso alimchora kifuani chale ya minotauro, yule kiumbe nusu mtu nusu fahali. Kuanzia siku hiyo hana kifua tena, ana mchoro. Watu wanaozungumza naye macho yao yako chini ya shingo yake. Amepewa kitu chenye thamani kuliko yeye, na thamani hiyo haivuliki.

Na kuna La noche ajena, ambayo kwangu ndiyo kali kuliko zote kitabuni. Familia ina mtoto kipofu na imeamua, kwa mapenzi tupu, asijue kamwe kwamba watu wengine wanaona. Nyumba nzima inafuta maneno ya rangi na mwanga. Nduguye, mwenye macho, analazimika kuishi kama kipofu wa maneno. Upendo umejenga gereza, na mlinzi wa gereza ni mtoto. Hapa hakuna serikali wala muuza sanamu. Serna ameileta zawadi mbaya mpaka mezani, kwa baba na mama.

Njia ya waenda kwa miguu

Nimemwacha Rosario Castellanos mwisho kwa sababu ndiye ninayemrudia. Alizaliwa Mexico City mwaka 1925, akakulia Comitán, jimbo la Chiapas, kwenye familia ya wenye mashamba ambayo mageuzi ya ardhi ya rais Lázaro Cárdenas yaliivunja. Alifariki mwaka 1974 Tel Aviv akiwa balozi wa nchi yake, kwa ajali ya umeme nyumbani. Mwaka 1960 alichapisha hadithi kumi chini ya jina Ciudad Real, jina la zamani la mji wa San Cristóbal de las Casas.

Neno dogo kabla ya kuendelea. Kiswahili hakiwezi kusema "Mhindi" hapa bila kutupeleka Bombay, na "mwenyeji wa asili" ni neno la semina. Nimeliacha indio kama lilivyo, na dharau yake ndani, kwa sababu dharau hiyo ndiyo mada.

Teodoro Méndez Acubal ni indio wa Chamula, kijiji cha jirani na mji huo. Anatembea mjini macho yakiwa chini, kama desturi inavyomtaka mtu wa kabila lake, na kwa kuwa macho yako chini anaiona sarafu. Tuanzie hapo: unyenyekevu aliolazimishwa ndio unaomtajirisha. Anahakikisha hakuna anayemtazama, anaiokota. Sasa ana pesa, na mtu mwenye pesa hutembea tofauti. Teodoro anapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Kwa msomaji wa leo hilo si tukio. Lakini San Cristóbal ya enzi hizo indio hutembea katikati ya barabara pamoja na wanyama. Ile njia iliyoinuliwa kando ni ya watu wa tabaka la juu na wanaojidhani wa tabaka hilo. Kwa hatua moja ya futi moja kwenda juu Teodoro amevunja sheria isiyoandikwa popote. Anasimama mbele ya dirisha la duka. Ndani kuna sanamu ndogo ya msichana mchungaji, na anaipenda. Anarudi siku nyingine kuitazama, na nyingine tena.

Ndani ya duka kuna don Agustín Velasco, mwoga aliyerithi biashara asiyoiweza. Mara hadithi inahamia kichwani mwake, na hapa Castellanos anaonyesha ufundi. Tumekaa kurasa kadhaa na Teodoro, tunajua anachotaka ni kimoja tu, kuuliza bei. Sasa tunauona uso ule ule kutoka upande wa pili wa kioo, na umekuwa uso wa mwizi, wa mwasi, wa mauaji yote ambayo mababu wa don Agustín walisimulia. Kioo ni kimoja. Hakuna aliyebadilika ila mahali aliposimama anayetazama.

Teodoro hatimaye anaingia dukani. Don Agustín anachomoa bastola na kupiga yowe la mwizi. Watu wanajaa, indio anapelekwa jela, na kwa kuwa mashtaka ya namna hiyo ni ya kila siku hakuna afisa mwenye haraka nayo. Jalada linageuka manjano rafuni. Mteja pekee aliyelipenda duka lile kwa moyo wote amefungwa kwa kosa la kulipenda.

Hadithi nyingine ya kitabu hicho inaweza kusomwa hata na mtoto wa mwenyekiti wa mtaa. Kijana mvivu wa ukoo uliofilisika anapata ukarani kwenye kijiji cha wenyeji. Muhuri wa ofisi, wenye picha ya tai wa taifa, umechakaa. Wazee wanakuja wakitaka barua. Karani anawaambia bila tai hakuna barua. Wanachanga fedha nyingi kumnunua tai. Muhuri mpya unagharimu sehemu ndogo tu, na kwa zilizobaki karani anafungua duka. Barua bila muhuri si barua, hilo tunalijua vizuri upande huu wa dunia, na sijawahi kukutana na mtu aliyeniomba nimfafanulie hadithi hii.

Lawama moja dhidi ya vitabu hivi ni ya haki. Rulfo na Castellanos wote wawili walifanya kazi katika taasisi ya serikali ya masuala ya wenyeji iliyoanzishwa mwaka 1948. Rulfo akihariri vitabu vya taasisi hiyo kwa miongo, Castellanos akiandika michezo ya vikaragosi iliyozungushwa vijijini Chiapas katika miaka ya 1950 kufundisha usafi na kusoma. Walikuwa, kwa kifupi, upande wa watoaji. Teodoro hana ukurasa ambao ameuandika yeye. Sauti ya Kitsotsil, lugha ya akina Teodoro, ilibidi isubiri: ni miaka ya 1980 ndipo kundi la waandishi wenyeji lilipojiita Sna Jtz'ibajom, "nyumba ya mwandishi", hapo hapo San Cristóbal, na kuanza kuandika na kuigiza kwa lugha zao wenyewe.

Castellanos alilijua tatizo hilo, tena kwa karibu. Katika familia za namna yake msichana wa kimaskini alikuwa akitolewa awe cargadora, mbebaji: mtoto anayembeba na kucheza na mtoto wa bwana. Yeye mwenyewe alikuwa na wake, na baadaye aliandika juu yake waziwazi. Na katika Ciudad Real kuna hadithi ya mbebaji, Modesta Gómez. Siyo indio, ni maskini wa mjini, ladina, yaani asiyehesabiwa kuwa indio, na tofauti hiyo ndiyo mali pekee aliyonayo. Wazazi wanamtoa utotoni kwa familia ya kitajiri ambebe kijana wao Jorgito. Jorgito anakua, siku moja usiku anaingia chumbani kwake. Mimba ikionekana anafukuzwa. Anaolewa na fundi mwashi mlevi, fundi anakufa, watoto wanabaki na njaa.

Basi Modesta anajiunga na atajadoras, wanawake wanaosubiri alfajiri kwenye baridi, pale njia za milimani zinapoingia mjini. Wenyeji wanateremka na mayai, vyungu, mboga za kuuza sokoni. Kabla hawajafika, wanawake hawa wanawarukia, wanawapokonya mizigo, wanawatupia vijisenti wanavyotaka wenyewe na kuita hiyo biashara. Siku ya kwanza Modesta anamkamata msichana mdogo. Wanavutana, wanaanguka, anampiga kwa nguvu zote alizokuwa amezihifadhi tangu nyumba ya Jorgito. Hapati kitu cha maana. Wenzake wanamtuliza, kesho atazoea.

Modesta anatazama kucha zake. Zimevunjika, zina damu. Hajui kwa nini, ila ameridhika.